Toboeni Ule Mkebe

Naivasha, Jumapili baada ya kanisa

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Wewe na lile goti la kushoto mnaelewana siku hizi? Na mvua, imefika Kathonzweni au bado inazunguka Salama ikitufanyia madharau? Mimi ni mzima, ila kipara kimeongezeka na suruali zimekataa kufunga. Mwikali mke wangu, wewe unayesoma, usiruke hapo ukicheka. Msomee mama yote.

Lakini kwanza: Mama, ule mkebe wa kijani niliotuma na dawa ya kuzuia wadudu kwenye ndengu, ambao mliniandikia kwamba mlimwaga dawa mkatia chumvi, msile hiyo chumvi tena. Hata chembe. Wekeni barua chini, mtoe mkebe jikoni, ndipo mrudi.

Mmerudi? Haya.

Nilipopata barua yenu nilinuna, nisiwadanganye. Mimi niombe poda ya kisasa stoo ya shamba hili ninalofanyia kazi, bila hata kuuliza ni ya nini, niifunge kwa gazeti, nimpe dereva wa lori aishushe Makindu, halafu mama ajibu: "Ndengu si mtoto mchanga, sizipaki poda. Majivu yangu yanatosha. Lakini mkebe ni mzuri, una kifuniko." Nikasema, wazee hawa!

Sasa, wiki iliyopita mishiri yetu ilirudishwa kutoka uwanja wa ndege. Hii mishiri, yale maharagwe mabichi membamba, tunaipanga kwenye katoni kama penseli, iende Ulaya. Waliopima wakakuta ilichumwa kabla dawa haijaisha nguvu. Meneja akasema itupwe shimoni. Mama, ulivyonilea, niangalie chakula kikimwagwa? Nilijaza mfuko nikaenda nao mbio chumbani kwangu.

Wekesa, anayepiga dawa shambani, akanikuta nakata vitunguu.

"Mzee wa Ukambani, unapika nini?"

"Mboga ya Wazungu."

"Wenyewe wameikataa, wewe unaiongezea nyanya?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia dawa ikipigwa lazima ingoje siku zake ndipo mtu ale, na kwamba kuosha peke yake hakutoshi. Nikamuuliza, kama mtu anayeulizia habari za jirani, je, ile poda ya mkebe wa kijani inafaa ndengu za kula?

"Hiyo ni ya mbegu ya kupanda tu. Hata mkebe tunautoboa kwa msumari tukauzika, mtu asiupeleke nyumbani."

Sufuria niliimwaga yote. Tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri, na mnajua si kawaida yangu.

Nimekuwa nikikumbuka majivu yako. Ulikuwa ukichoma magunzi, ukachekecha majivu yake, kisha unaingiza mikono mpaka viwiko ukichanganya, ndengu zikatoka na mvi kama bibi wa kanisani. Shule ya bweni nilizificha chini ya kitanda. Wenzangu walisema ndengu zetu zimezeeka, na mimi mjinga nikacheka pamoja nao. Tuliziosha kwenye karai mara tatu, na bado moja ilikwaruza jinoni. Nikilalamika ulisema, "Tafuna. Hakuna mtu amepelekwa hospitali na majivu." Zikichemka, harufu ilifika barabarani. Mishiri ya hapa haina tobo hata moja la mdudu, imenyooka yote, na haina harufu yoyote.

Basi, Mwikali, funga mikono kwa karatasi ya nailoni. Toboa mkebe kwa msumari, uuzike mbali na kisima pamoja na chumvi yake. Pale mlipomwaga dawa, fukieni udongo mwingi, kuku wasichakure. Kama kuna aliyetapika au kuumwa na kichwa, aende hospitali leo na aseme ni dawa ya mbegu. Msinifichie kwa kuniogopa. Mwenye makosa ni mimi.

Msalimieni mama mdogo anayeuza machungwa Salama, na shemeji fundi cherehani, ambaye bado ana kitambaa cha suruali yangu. Mwambieni aongeze kiunoni.

Halafu nitumieni ndengu kidogo na dereva yuleyule. Msizioshe. Zije na majivu yake, nitaziosha mwenyewe. Nikifungua nikaona mvi, nitajua mkebe umezikwa na nyote mko salama. Hapo ndipo nitakula.

Ni mimi mwanao, niliyedhani nina akili kuliko majivu,

Mutua