Kata ya Maji ya Bi Tatu

Jumanne, 10 Desemba

Nimeanika mpunga, kuku wamenichosha. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, kakaa barazani na mkono wake wa vidole viwili. Vitatu alivikata jirani yetu Saidi kwa panga, kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Mtendaji kapita na habari: Saidi yumo kwenye msamaha wa Rais, katoka. Miaka mitatu tu! Nimebwaga ungo chini.

Jumatano, 11 Desemba

Nimefika Kibiti kumuuliza karani wa mahakama. Kasema kifungo ndicho kilichofutwa, hatia iko palepale. Nimemweleza Bi Tatu. Kacheka.

"Serikali imesamehe cha serikali. Changu ninacho mwenyewe."

Nimempenda kweli.

Alhamisi, 12 Desemba

Saidi yuko Bungu kwa dada yake. Hapa kwetu Ruaruke harudi kuishi mpaka Bi Tatu asukutue maji na kuyatema, kinyongo kitoke. Ndiyo mila. Saidi kamtuma mtani wetu, Mmatumbi mwenye mdomo, amwombee. Kaja na utani wake, anadai kuku na mchumba. Bi Tatu katoa sharti moja: Saidi aje aseme mbele za watu alichofanya. Mahakamani aliapa panga lilimponyoka. Naomba ashindwe. Akitemewa maji ni jirani yetu maisha.

Ijumaa, 13 Desemba

Baada ya sala. Saidi kakonda, kanzu ndiyo inamvaa. Kaanza: "Panga liliponyoka." Bi Tatu hakuagiza maji. Kaanza upya.

"Halikuponyoka. Niliukusudia mkono."

Akalia. Bi Tatu kanituma maji. Nimempelekea kata tupu, makusudi. Kanitazama tu. Nimerudi mtungini aibu imenijaa. Kasukutua, katema chini. "Nilichokuwa nacho nimekitoa."

Msuka mikeka yule, kanyang'anywa vidole! Mimi nisingeweza. Wallahi nisingeweza.

Jumapili, 15 Desemba

Manyunyu. Bi Tatu kaniambia niushushe darini mkeka alioukatisha siku ile ya panga. Yeye anaelekeza, mimi ndiyo vidole. Ukili ninaousuka umepinda, kanicheka mpaka kakohoa.

Saidi kapita na jembe. Shikamoo, mama. Marahaba, kaitikia Bi Tatu, macho kwenye ukindu. Kisha Saidi kanigeukia mimi. Habari za asubuhi, shemeji.

Nimeunyoosha ukili kwanza. Nzuri, nimemjibu.