Nilivyompakia Karisa kutoka magofuni

Jumapili.

Miaka sabini na minane ninayo, nimezika mke mmoja na baiskeli tatu, na bado binti yangu aniambia nikirudishwa na tuktuk ataiuza hii ya nne.

Leo nimeendesha hadi magofu ya Mtwapa na rafiki zangu, Karisa na Shee. Ukuta tuliokuwa tukiegemeza baiskeli ujanani bado umesimama.

Kurudi, goti la Karisa likagoma. Nikampakia mimi, Shee akaivuta baiskeli ya Karisa kando ya yake.

Penye minazi nikasahau. Nikasema, "Zainabu, shika vizuri." Marehemu mke wangu alikuwa akikaa hapo nyuma.

Karisa akajibu, "Nimeshika, bwanangu."

Shee alicheka mpaka Mishomoroni. Mimi nilikanyaga tu, sikushuka, wallahi, hata mlimani.

Binti asiposadiki, amuulize Karisa, amuulize Shee. Mamaake angesadiki bila kuuliza.