Mlango Niliomfungia Mama

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wanangu wawili ambao nasikia wameshaisahau sura yangu. Natumaini nyote hamjambo. Sisi huku hatujambo ya kujibiana njiani. Ya ndani ndiyo haya ninayokuandikia. Simu nimejaribu mpaka nimechoka, maana mnara wa mlimani uliungua pamoja na msitu. Barua hii nimempa dereva wa basi la wagonjwa na nimemsihi aitie mkononi mwako mwenyewe. Isome ukiwa umekaa.

Habari za moto bila shaka mmezisikia. Moto wenyewe sisi hatujauona, uko ng'ambo ya milima. Tunachokiona ni moshi wake, umekuja ukakaa kama mgeni asiye na kwao. Shuka nyeupe ukiianika unaanua ya kijivu, na chai ina ladha ya majivu hata ukizidisha sukari. Shule zimefungwa. Mtaa mzima tunakohoa, na tukikutana tunaulizana macho kabla ya kuulizana hali.

Kazi yangu ya afya ya mtaa unaijua. Zamani nilikuwa nakagua vyoo na watu wakiniona wanajificha. Siku hizi nashinda barabarani na kipaza sauti. Juu ya paa la ofisi yetu kuna mashine ya kupima hewa: ikionyesha rangi nyekundu, natangaza wazee, watoto na wenye pumu wakae ndani, ikionyesha zambarau, natangaza wote. Tangu wiki iliyopita haijatoka kwenye zambarau. Nawaambia watu wafunge madirisha, waweke vitambaa vilivyoloweshwa chini ya milango, wavae barakoa nzito, si leso. Na nasisitiza kuliko yote kwamba jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, kwani linaua kimyakimya. Wamenibandika jina, naitwa Kipaza.

Lakini mganga hajigangi. Mama yetu unamjua. Kwake yeye nyumba isiyofunguliwa madirisha alfajiri ni nyumba ya mvivu. Akiamka, kabla hata ya kunawa uso, anayafungua yote, kisha anatoka kufagia ua, na pumu yake ileile. Nilimweleza kwa upole, nikamweleza kwa ukali. Alinijibu kwamba amepikia kuni tangu utotoni, moshi ndio uliomlea, na hakuna afisa wa kumfundisha moshi. Nikang'oa vishikio vya madirisha. Akafungua kwa kijiko. Nikagongomea misumari. Hapo akanuna, akaacha kuniita mwanangu akawa ananiita Afisa. Afisa umerudi, Afisa chakula hicho mezani. Nilikuwa nacheka, lakini iliniuma.

Kifua chake kikaanza kupiga filimbi, na bado kila asubuhi nikigeuka tu namkuta uani na ufagio. Siku moja nikachoka. Nilimwekea maji, mkate na dawa yake ya kuvuta, nikatoka, nikafunga mlango kwa ufunguo na kuutia mfukoni. Nilitembea nikijisifu kwamba leo angalau yuko salama.

Chai sikuikumbuka. Mama hajawahi kula mkate mkavu asubuhi. Jiko letu hukaa uani, ila jioni iliyotangulia nilikuwa nimeliingiza ndani kwa mikono yangu, nikiogopa wezi. Mimi, ninayewahubiria watu mtaa mzima, nilimfungia mama yangu ndani pamoja na jiko la mkaa, na madirisha yote nimeyapiga misumari. Akaliwasha.

Nilikuwa mtaa wa nyuma nikiwatangazia watu wajifungie, wakati yeye anagonga mlango kwa mwiko afunguliwe. Aliyesikia ni jirani yetu, fundi cherehani, akauvunja mlango kwa bega. Mkewe alinikimbilia akiniita, nami simsikii kwa kelele zangu mwenyewe. Nilipofika, mama amelazwa uani, katikati ya moshi uleule niliomfungia ndani usimpate, midomo imebadilika rangi, na fundi anampepea kwa suruali ya mteja. Nimewahi kuogopa mambo mengi, dada. Siku ile nilijiogopa mimi.

Usishtuke, yu hai. Zahanati walimpa hewa ya mtungi, na alipozinduka alilalamika kwamba kitanda kina kunguni. Lakini daktari aliniita kando akaniambia kifua kile hakitastahimili mara ya pili, aondolewe huku upesi. Kwenu hewa ni safi, na basi la wagonjwa linakuja huko. Mama akakataa. Alisema haondoki kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu baba kwa sababu ya moshi wa miti ya watu. Daktari akamsihi, fundi akamsihi, akawaambia wasiwe na haraka ya kumzika. Nikabaki nimebanwa pande zote. Nikimwachia mlango wazi, moshi utamuua. Nikiufunga, nitamuua mimi. Kukaa naye kutwa siwezi, maana mtaa huu una wazee wengine wenye vifua kama chake.

Sasa niseme nililolifanya. Nimemdanganya. Nilimwambia dereva wa basi ameniletea habari kwamba wewe ni mgonjwa, mgongo umekulaza, huwezi hata kuinua sufuria, na watoto wanashindia mkate. Sijamaliza, tayari ameshika mkoba. Kwa ajili ya uhai wake hakutaka kuvuka kizingiti. Kwa ajili ya mgongo wako alitaka kupanda basi bila viatu. Akanigombeza kwa nini nilikaa na habari kama hiyo.

Atakuja na basi litakalofuata hili lililoleta barua. Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyezoea kubeba magunia bila kuguna, ulale kitandani. Mweleze shemeji, uwafundishe na wanangu. Mama akikuletea uji, kunywa. Akikukanda, lia kidogo. Najua si haki mgonjwa amuuguze mzima, lakini akiona umeinuka atafunga mzigo siku hiyohiyo. Akija kuujua ukweli, lawama zote zije kwangu.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Fundi anakusalimu, anasema mlango ameshautengeneza. Nami nina kikohozi ambacho hakitaki kuondoka. Usimtajie mama, asije akarudi kuniuguza mimi. Moshi ukiisha nitakuandikia. Kabla ya hapo, dada yangu, tafadhali usipone.

Ni mimi mdogo wako,
Kipaza