Mama Mkwe Amegoma Langoni

Nyumbani, kwenye meza ya jikoni,
Jumapili, mvua haijakatika.

Mpendwa mdogo wangu Gunia,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na hao watoto ambao shangazi yao anawajua kwa picha tu, wanakula, wanalala, wanakusumbua inavyotakiwa? Kile kikohozi chako kimeisha au bado unajitia hamnazo? Usikipuuze. Sisi huku miili ni mizima. Ya moyoni ndiyo nataka kukueleza, kwa sababu siku ile kwenye simu wewe ulikuwa unalia na mimi nalia, na watu wawili wanaolia hawapashani habari.

Kwanza nikutue mzigo. Hakuna anayekulaumu kwa kutofika kumzika Baba. Tunajua kazini walikunyima ruhusa. Shangazi alipoanza kunung'unika, Mama alimkata palepale: "Mwanangu hajakataa, amekataliwa." Shangazi akanyamaza, na unajua mwenyewe jambo hilo ni nadra.

Tulimzika kule juu ya mteremko, karibu na ule ukuta wa mawe uliokuwa ukitushinda kuuruka. Rafiki yake mhunzi alishika jeneza upande wa mbele, akakataa kupokewa mpaka juu. Na nyuma yetu sote alikuja Mama Mkwe. Ndiye farasi pekee aliyebaki. Wale wengine Baba aliwauza nguvu zilipoanza kumwisha, lakini huyu hakuna aliyethubutu hata kumtajia. Alitoka bandani mwenyewe, bila tandiko wala hatamu, akafuata mazishi mwishoni kabisa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza.

Si unakumbuka safari zetu za kwa Shangazi mlimani? Mama mbele na sufuria zake zikigongana, mimi nafuata, wewe katikati juu ya yule farasi mfupi mwenye tumbo la mjamzito, na Baba nyuma kabisa juu ya Mama Mkwe. "Wa mbele anaona njia, wa nyuma anaona watoto," ndivyo alivyotuambia kila tulipogombania kukaa mwisho. Pale mtoni farasi wako alisimama ghafla kunywa maji, wewe ukapitiliza kichwani kwake, ukaingia majini kama gunia la ngano. Baba alikuvuta kwa kola huku machozi ya kicheko yanamtoka. Jina lako lilizaliwa siku hiyo, na mpaka leo sijui mwingine linayemfaa zaidi.

Ile ya kurudi ndiyo siisahau. Tulifika nyumbani jua linashuka, sote hoi, farasi wakaingia langoni mmoja baada ya mwingine, na Mama Mkwe akagoma kuingia. Baba akambembeleza, akamsukuma, akamtishia, wapi! Mpaka Mama alipogeuka akauliza, "Na Gunia yuko wapi?" Farasi wako alikuwa ameingia na tandiko tupu. Baba akarudi mbio njia tuliyojia, akakukuta umekaa juu ya kichuguu unatafuna mkate wa safari. Ulikuwa umeshuka kukojoa vichakani, Baba huko nyuma akisinzia kwa uchovu, na hukuona haja ya kumwambia mtu. Toka hapo Baba akawa anasema Mama Mkwe anajua hesabu kuliko yeye. Alikuwa amemzoesha kupita lango wote wakishapita, na mnyama akalishika hilo kuliko tulivyoshika sisi lolote tulilofundishwa.

Sasa sikiliza kinachotufanya tulie. Tuliporudi kutoka kaburini, watu wote waliingia langoni, na Mama Mkwe akabaki nje. Mpaka leo yuko nje. Tumempelekea pumba, anaonja kidogo na kuacha. Mhunzi alileta kamba na vijana wawili, wakavutana naye mpaka wakaona haya. Tumemfunika na blanketi ya kitandani kwa Baba, lakini mvua hii haijui blanketi. Daktari wa mifugo amekuja, akamsikiliza kifua, akasema mnyama ni mzee, amekula chumvi nyingi, na akiendelea kulala kwenye baridi hii hatamaliza mwezi.

Jana Mama alifanya jambo ambalo sijui nikueleze nikicheka au nikilia. Alivaa koti la Baba, akavaa na buti zake, akapita langoni akichechemea kama yeye na kupiga mluzi, na Mama hajui mluzi, ulikuwa upepo mtupu. Mama Mkwe alinusa koti, akaingiza pua kwenye kwapa, akamfuata taratibu mpaka miguu ya mbele ikawa ndani. Kisha akageuza shingo kuangalia nje, akarudi kinyumenyume. Mama alikaa chini palepale kwenye tope na buti za mumewe, akalia kwa sauti. Hakuwa amelia hivyo tangu tumzike.

Mhunzi akasema, "Anamngoja marehemu." Mama akafuta uso kwa mkono wa koti, akasema hapana. "Huyu alimsindikiza marehemu mwenyewe, akaona tunamfukia. Angekuwa anamngoja yeye, angetazama kule mteremkoni, kaburini. Hebu mwangalieni anatazama wapi."

Gunia, anatazama barabara ya malori. Ile uliyoondokea.

Siku ile Baba na Mama Mkwe ndio waliokusindikiza mpaka kwenye lori, na waliporudi aligoma vilevile. Wewe hukuwapo, kwa hiyo hujui. Baba alimshika sikio, akamnong'oneza kitu, ndipo akaingia. Na tangu hapo kila jioni, miaka yote hii, Baba alikuwa akisimama naye langoni na kumnong'oneza kabla ya kupita. Tulikuwa tunamtania, eti wanamsengenya Mama. Alikuwa anacheka tu. Sasa nimeelewa alichokuwa akimwambia, na moyo umenipasuka. Baba hakuwahi kutuonyesha kwamba anakusubiri. Tulidhani amezoea. Kumbe alikuwa na wa kumwambia.

Leo asubuhi nimekwenda mimi. Nimemshika sikio, nimemwambia, "Gunia atarudi, ingia ndani." Amenitazama tu. Simlaumu. Hata mimi sikujisikia kama mtu mwenye hakika na anachosema.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, nenda tena kwa hao wakubwa wako. Wakikuuliza nani mgonjwa, waambie mama mkwe, na hutakuwa umesema uongo. Wakikunyima, nitakuelewa, na nitamwambia Mama kwa maneno mazuri. Lakini usininyime kujaribu. Baba hatapita tena kwenye lango hili, hata tukeshe tukilia. Wewe bado unaweza kupita.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi. Mhunzi anakusalimu, amezeeka, lakini ulimi bado ule ule. Shangazi naye anakusalimu, ingawa amesema niandike kwamba amekasirika. Shemeji yako anakupa pole, na wapwa zako wanauliza kama kweli wewe ndiye yule wa mtoni. Nibusie watoto na umkumbatie wifi.

Mungu akutunze huko ugenini, akufungulie pale wanadamu walipofunga, na akulete salama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokugombeza.

Nilitaka kubandika bahasha nikamsikia Mama anaburuta kitu uani. Ameweka jiwe kubwa mbele ya lango ili upepo usilifunge.