Bibi Harusi Hageuki

Jumatatu, 1 Desemba

Picha za pasipoti tangu asubuhi. Kaa wima, shusha kidevu, usicheke. Halafu wakaja akina dada wawili wakitaka kupigwa mbele ya lile pazia la studio lililochorwa maporomoko ya maji. Nikawakalisha mlangoni badala yake. Mwanga wa barabarani uliwapiga shavu moja, na kibanda cha simiti cha jirani kikapotea gizani nyuma yao. Nikawaonyesha kwenye kamera. Mmoja akauliza kama kweli ni yeye. Ni wewe, dada, na huo ni mlango tu. Kazi yangu naijua. Naandika hivyo wazi kwa sababu humu daftarini hakuna wa kuniambia najisifu.

Jumamosi nina harusi ya Naserian, mwalimu, kwao Kajiado. Anaolewa mbali, Magadi. Mama yake ameomba kitu kimoja: picha ya binti akitoka nyumbani. Yeye alipotoka kwao hakukuwa na kamera. Nyingine zote naweza kuharibu, hiyo hapana.

Jumatano, 3 Desemba

Nimeenda kwao Naserian kuona mwanga. Nilifika jua likiwa bado chini. Mama alinipokea kwa salamu ya Kimaasai, "Takwenya", nikajibu "Iko". Kimaa changu chote kikaishia hapo.

Boma la kawaida kabisa. Nyumba ya mabati, tangi la maji la bluu, ua wa miiba, mbuzi. Saitoti, kaka yake Naserian, aliona haya. Akaniambia kuna hoteli iko na maua mazuri. Nikamwambia angoje. Mlango wa nyumba unatazama geti, na geti linatazama mashariki. Mbuzi walipotoka, vumbi lao liliwaka lote. Hapa hapa, nikasema.

Kisha nikajiaibisha. Tukinywa chai nikaeleza mpango wangu: Naserian akifika getini nitamwita, ageuke, atabasamu, nimpige. Mama akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, bibi harusi wetu hageuki. Akiangalia nyuma anakuwa jiwe."

Mimi Mkamba wa Kitengela nikaona nitoe mzaha. Nikasema kwetu mawe tunachimba kila siku, moja zaidi si kitu. Hakuna aliyecheka. Nilitamani ardhi inimeze. Nimemwahidi mama kwamba siku hiyo sitafungua mdomo, na picha nitaipigia nyuma yake yeye, binti akienda zake.

Ijumaa, 5 Desemba

Naogopa mdomo wangu. "Geuka, cheka" hunitoka yenyewe kama chafya. Leo nimemwambia hata muuza mandazi ageuke. Akageuka, maskini.

Saitoti amepiga simu. "Sasa Mwende, hiyo picha ya mgongo itasaidia nani? Simama getini upige sura. Watu wanataka sura." Hana makosa. Nikisimama getini uso utawaka vizuri sana. Lakini mama atakuwa kidoa tu huko nyuma, na picha ni ya mama. Nafasi ni moja. Huwezi kumwambia bibi harusi arudi ndani atoke tena.

Nimenunua pakiti ya peremende za kuziba huu mdomo kesho.

Jumamosi, 6 Desemba

Kumekucha na mawingu. Nyumba, mbuzi, watu, vyote rangi ya majivu. Wazee wakambariki Naserian kwa maziwa, jua bado hakuna. Nikatia peremende mbili mdomoni, moja kila shavu, nikalala kifudifudi nyuma ya mama. Kwenye samadi, na gauni jipya. Saitoti alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. Nikajivuta kushoto mpaka tangi la bluu likatoka kwenye picha. Nikabaki na miguu ya mama, uwanja mtupu na geti. Basi.

Naserian akaanza kutembea. Polepole, kama inavyotakiwa. Bwana harusi na msimamizi wake walikuwa mbele, wameshatoka. Alipokaribia geti wingu likaachia. Jua likanijia moja kwa moja kwenye lenzi. Bosi aliyenifundisha kazi alikuwa akikataza hilo kama dhambi: jua liwe mgongoni kwako, siku zote. Samahani, bosi. Ukingo wa shanga zake za shingoni ukawaka, na Naserian mwenyewe akawa mweusi tii.

Hapo binamu mmoja mwenye simu akapaza sauti: "Naserian! Huku! Look here!"

Naserian akasimama. Nikaona bega likicheza. Mama akashika nguo yake mwenyewe kwa mikono miwili. Peremende ikapasuka kati ya meno yangu. Halafu shingo ya Naserian ikanyooka, mguu ukaenda. Kivuli chake kilikuwa kimelala uwanja mzima, kutoka getini hadi kwenye viatu vya mama.

Nikabonyeza.

Ninayo. Hata kabla ya kuitazama nilijua ninayo. Nimelia huku nakung'uta samadi. Sijawahi kupiga picha kama hii, na hapa mjini sijui nani amewahi.

Jumapili, 7 Desemba

Nimemtumia Saitoti ile picha. Jibu lake: "Sura iko wapi?"

Hasira. Nimebishana naye jikoni peke yangu, mwiko mkononi, na nimemshinda vizuri. Sitaipunguzia giza. Sitakata kitu. Kesho naipeleka kuchapwa, kubwa. Mama akiikataa, nitakuwa nimempotezea asubuhi ambayo haitarudi. Hilo ndilo linaloniuma. La Saitoti nitalimeza.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimeipeleka Kajiado mwenyewe. Saitoti alinikaribisha kwa adabu, bila maneno mengi.

Mama alivaa miwani. Akaiweka picha mapajani, akaitazama mpaka chai yake ikapoa. Hakuuliza sura. Aliweka kidole pale getini, juu ya binti yake, akakiteremsha taratibu kwenye kivuli, uwanja wote, hadi kwenye viatu vyake mwenyewe. Kidole kikabaki hapo.

"Hakugeuka," akasema. "Lakini ona, alinishika miguu."

Saitoti aliinama akatazama tena. Kisha akatoka nje kutafuta nyundo na msumari.