Joho la Sufu na Jua la Nagpur

Babu Vithoba, mshauri wa gazeti letu, nakusalimu kwa heshima na naomba unitoe hapa nilipokwama.

Mimi Norphel wa Ladakh joto haliniwezi, nimeshinda juani hapa Nagpur siku tisa bila kutafuta kivuli. Basi, nadanganya: siku ya kwanza tu nilifungua madirisha yote saa saba mchana ili tupate upepo, kama tufanyavyo kwetu milimani, ukaingia upepo wa tanuri, Kusumtai, mama mwenye nyumba tuliyofikia, akapiga kelele, "Mjomba, unatuoka?" nikakimbilia bafuni kujipoza, maji ya tangi la juu ya paa yakanichemsha kama kiazi, na tangu hapo nalala sakafuni nimejifunika shuka lililoloweshwa. Sasa mpwa wangu Dolkar anaolewa hapa Ijumaa, adhuhuri, Mei hii hii, na katika ukoo wetu mjomba humpokea bwana harusi mlangoni akiwa ndani ya joho la sufu hadi visigino, nami jana nililijaribu, pumzi tatu tu nikaona nyota, lakini dada yangu machozi yanamlenga, ananiambia, "Kaka, usipolivaa, mawifi zake watasema mwanangu hana kwao." Nikilivaa nazimia miguuni pa bwana harusi, nisipolivaa namwaibisha dada. Nifanyeje?

Mzee Norphel,

Pole, ila nimecheka hadi meno ya bandia yakanitoka. Hapa mchana wa Mei hata mbwa hawabweki, nawe unafungua madirisha! Kamwombe Kusumtai radhi. Na maji ya kuoga yateke alfajiri, uyaweke ndooni kivulini.

Sasa joho. Unachoogopa si kuzimia, ni kumwambia dada yako kwamba umezeeka. Mwambie leo. Ijumaa kunywa bilauri mbili za maji ya embe bichi, ndiyo yanayotupoza hapa, usimame kivulini na shati jepesi, joho mkononi. Bwana harusi akifika mlangoni juu ya farasi, kama ilivyo desturi yetu hapa, ndipo ulivae, umkumbatie kijana, kisha ulivue papo hapo mbele ya watu wote umvike yeye. Zawadi ya mjomba hiyo. Nani atasema Dolkar hana kwao, ilhali mumewe anatokwa jasho ndani ya joho la huko kwao? Ni kijana wa hapa, atastahimili picha mbili tatu. Asipostahimili, heri mjue mapema.

Nami kwa kazi hii nakudai jambo dogo: niwekee kiti mbele ya feni kubwa, na mtu mwingine asikikalie.