Gari au Dari

Wanangu, na baba yenu pia,

Maharage yako jikoni, yapasheni moto. Mlango wa nyuma ufungwe. Kigoda msikitafute, nimeondoka nacho.

Jana nilijigamba kwamba fundi amelipandisha gari kwa springi ndefu na magurudumu makubwa, eti mashimo ya barabara yetu yatanitambua. Asubuhi hii bibi yenu, na goti lake bovu linalompeleka kliniki, akasimama akilitazama. "Mwanangu, hili ni gari au dari?"

Kigoda hakikutosha kumpandisha. Ikabidi nichuchumae, nimsukume mama yangu mzazi kama gunia, huku jirani anachungulia. Alipoketi alikuwa anatweta, akasema amefurahi kuona mbali. Alinidanganya ili nisilie.

Fundi alinionya. Baba yenu alinionya. ~~Sikuwasikia vizuri.~~ Niliwasikia vizuri sana.

Nimerudi ndani kuchukua kadi ya kliniki ya bibi yenu tu, ananisubiri garini. Tukitoka kliniki tunapitia gereji, springi za zamani zirudishwe, kwa hiyo tutachelewa.

Baba watoto, najua unacheka. Cheka umalize kabla hatujafika.

Mama yenu, aliyekuwa mrefu kwa siku moja